"Still" ya Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Ujumbe wa mkwe tena: She is still sleeping. Binti yetu kapasuliwa kichwa huko ng'ambo, hajaamka. Mumewe hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mkalimani wetu alikuwa binti mwenyewe — sasa mkalimani ndiye kalala!

Nimevuka kwa jirani, mwalimu mstaafu. Kasema still ni bado: jambo liko vilevile, halijabadilika. Nitunge sentensi kila siku, litaniingia. Mimi na darasa la nne langu!

Jumanne, 4 Machi
Kibandani nikishona soli. Sentensi: This shoe is still bad. Mwenye kiatu hakufurahi.

Mama watoto kauliza kuna jipya? Bado, nikamwambia. "Bado, bado! Huko shule hawakukupa neno jingine?" Kaingia jikoni, kaanza kugonganisha sufuria. Hapiki kitu. Anagonganisha ili nisimsikie akilia.

Alhamisi, 6 Machi
Still sleeping.

Nimefanya kituko. Nimemwandikia mkwe — mkwe jamani, mtu asiyetaniwa! — My wife is still shouting. I still love. Kidole kilishabonyeza. Nikatamani ardhi inimeze.

Akajibu! I still keep her slippers by the bed. Nikakimbia na simu kwa mwalimu. Kasema ndala za binti ziko palepale kando ya kitanda, mumewe hajazitoa. Basi nikalia pale kibarazani, mzee mzima, kamasi hadi kwenye ndevu. Mwalimu akajifanya anatafuta miwani. Anayo usoni, mjinga yule.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi hakuna ujumbe. Mchana hakuna. Nimemwandikia Still? — hilo tu, na alama ya kuuliza. Mwalimu kasafiri. Leo, katika siku zote!

Mama watoto kapakata simu kama kitoto kichanga.

Inaita! Mkwe hapigi, siku zote huandika tu. Mama watoto ananisukumia: "Pokea, mzee! Si wewe ndiye msomi wa nyumba hii?" Nimesema ngoja nitafute kalamu kwanza. Kalamu ndiyo hii naandika nayo.

Maadamu inaita, bado. Nikipokea, sijui.

Imekatika. Inaita tena. "Mume wangu, nakuomba." Hajaniita hivyo tangu tuzae. Kaibonyeza mwenyewe, kaniwekea sikioni. Nasema hello, hello, she is still — mkwe anahema tu, kama mtu aliyepanda ngazi mbio —