Suti ya Usaili na Soksi za Shangazi

Bergen,
21 Februari 2017

Mpendwa Shangazi Gunnvor,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Goti linaendeleaje? Na joto la Valparaíso bado linakutoa jasho hata ukiwa umekaa? Sisi sote wazima, na Mama bado ana maneno yake yale yale.

Najua unasubiri habari za usaili, basi nisikuzungushe. Mkataba wangu hapa unaisha Juni, na nafasi ile ya uhadhiri kule kaskazini ni ya kudumu. Mara mbili nimesailiwa kwingine nikakosa. Ndiyo maana uliponiandikia niache sweta nivae suti, nilikutii.

Nilinunua nyeusi. Eirik kuniona tu akacheka. "Mke wangu, unakwenda kusailiwa au kuzika?" Mama akanisimamisha sebuleni nikiwa na buti zangu za kisigino kirefu, akaipinda suruali ikaishia pale pale panapotakiwa. Nikajiona profesa kamili.

Sasa fikiria, watu wazima watatu, Wanorwe wa kuzaliwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba viatu vinavuliwa mlangoni! Chuoni kwetu tunaingia navyo, lakini kule kwenye theluji idara nzima huviacha kwenye rafu. Nikavua. Suruali ikaburura sakafuni, na chini yake zikachungulia zile soksi nyekundu za sufu ulizonifumia, ambazo nilizificha ndani ya buti kwa sababu ya baridi.

Mhadhara wangu wa majaribio ulihusu maporomoko ya theluji. Nilipogeuka kuandika ubaoni nikakanyaga pindo, nikaanguka magoti mbele ya jopo zima. Niliona aibu, Shangazi, nikaiona Juni hiyo inakuja.

Kwa kuwa nilikuwa chini tayari, nikachomeka suruali ndani ya soksi kama tunapopanda mlima, nikainuka. Nikawaambia hivyo ndivyo theluji inavyoporomoka: tabaka la juu limekaa vizuri, la chini halijashika. Wakacheka. Mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Ragnhild, akasema, "Endelea, dada. Sasa tunakuelewa." Tangu hapo nikafundisha kama ninavyofundisha wanafunzi wangu, bila woga.

Jana Ragnhild alipiga simu. Nimepata! Akaniambia jina langu wameshalibandika kwenye rafu ya viatu. Nililia pale pale jikoni, Eirik akaunguza samaki.

Tunahama Julai. Mama anasema ni mbali, lakini ameshaanza kuulizia nauli.

Nisalimie mumeo Rodrigo na binamu yangu Ingvild. Mungu akutunze, na goti lako lipate nafuu.

Suti nimeitundika ingoje mazishi, kama alivyosema Eirik. Ila soksi zimetoboka. Nifumie nyingine, Shangazi, maana sasa ndizo viatu vyangu vya kazi.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Sunniva