Kibali cha Mahindi

Jumatatu, 5 Oktoba 1992
Mashine ya kusaga imelala tena. Nimefuta vumbi, nimekaza mkanda. Kazi ya bure. Wanawake watatu wamekuja hapa Lubao kutafuta unga, nimewarudisha mikono mitupu. Kitale mahindi yamejaa mpaka yanaota ghalani. Lori linafika huko kwa asubuhi moja. Lakini gunia halivuki wilaya bila kibali.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimekwenda Kakamega mjini kuomba kibali. Karani alitaka kwanza kadi ya chama. Nikatoa. Akaitazama, akanitazama. Akasema kwa upole, "Mama, mume wako, yule mwalimu, anapendanga mikutano ya wapinzani. Ameonekana." Basi.

Nikirudi, lori la diwani lilinipita, limejaa mahindi. Kwenye kizuizi cha askari halikusimamishwa.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimegombana na Ezra. Nimemwambia siasa yake imemfungia mkewe mashine. Akajibu kwamba zipo nchi za chama kimoja zilizotajirika, shida si hesabu ya vyama. "Shida ni kwamba hapa, ukitaka kuuza unga, lazima kwanza upendwe na mtu."

Mume wangu anasema kweli. Ndiyo maana nina hasira. Yeye anasema, mimi ndiye ninayefukuza wateja.

Jumanne, 13 Oktoba
Chifu ameniita. Ijumaa nikisimama kwenye baraza lake nimwombee mume wangu msamaha, kibali kitapatikana. Sijamwambia Ezra. Siwezi kukaa. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Ijumaa, 16 Oktoba
Nimesimama. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwepo. Nikasema, "Mume wangu alikosa. Naomba asamehewe." Makofi machache. Wengine walitazama chini.

Kibali ninacho. Najichukia.

Nimemwambia Ezra mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Hakufoka. Alitoka akaenda shambani bila jembe.

Jumanne, 20 Oktoba
Mahindi yalifika jana. Mashine inanguruma tangu asubuhi, foleni mpaka barabarani. Nilidhani nitafurahi. Kibali ni cha safari moja tu. Safari ijayo nitasimama niseme nini?

Jioni Ezra amekuja. Hatukuwa tumeongea tangu Ijumaa. Amechukua gunia tupu, akalishika mdomo wazi chini ya mashine mpaka likajaa. Unga ulimganda kwenye nyusi. Nikamletea gunia lingine.