Bundi wa Safu ya Nyuma

Ellery, Ohio
Novemba, 2017

Mpendwa kaka Clint,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska, nami naamini una makoti ya kutosha na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, jumba la sinema bado limesimama japo paa linavuja, na Maxine bado anakata tiketi huku akimsema kila anayepita. Baba naye hajambo. Kila Oktoba anapanda mimbarini kuilaani filamu ya Bundi Arudi, na mwaka huu akaniombea toba kwa jina, mimi binti yake ninayeionyesha. Kanisa zima likanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze!

Mambo ya hapa unayajua. Filamu ilipigwa mjini kwetu, nusu ya majirani wamo ndani, basi Jumamosi zote za Oktoba watu wanavaa vinyago vya bundi na kujaa tele. Hakuna anayekuja kujua muuaji ni nani, maana wanamjua kama wanavyojua majina yao. Wanakuja kumpigia kelele yule mjinga anayeshuka ghalani peke yake, wamwambie, "Usiende, we!" Naye anageuka, anawatazama, anasema anajua hatakiwi kwenda ila hii ni sehemu ya pili na lazima mtu afe. Hapo watu hoi kwa kicheko. Woga unaoujua mapema ni mtamu, kaka, sijui nikuelezeje. Waliokuja wakiwa wachumba sasa wanaleta watoto wao.

Kisha anatokea Corinne wetu ndani ya filamu, kwenye foleni ya bisi, na nywele zake zile, anasema sehemu ya pili siku zote huwa mbovu na anayesema hivyo ndiye anayechinjwa kwanza. Ukumbi mzima unasema naye. Mimi sisemi. Nasimama mlangoni namtazama dada yangu, basi, kwa sababu kabla filamu haijatoka gari lake lilishateleza kwenye barafu likamuua, na Baba alikuwa hasemi naye tangu achukue kazi ile ya kuigiza.

Sasa sikiliza. Mwaka huu kulikuwa na bundi mmoja safu ya nyuma, onyesho la Jumamosi alasiri. Ana glovu, hasemi na Maxine, anasukuma noti tu. Wenzake wanainua vinyago wale bisi, yeye hainui. Na Corinne akimaliza tu maneno yake, kisu hakijatokea, mtu anasimama huyoo, anatoka. Kila Jumamosi ni hivyo hivyo. Clint, watu huja kwenye filamu hii kwa ajili ya kisu! Nani analipa tiketi nzima aondoke kabla ya tone la kwanza la damu? Nikaona huyu anamfuata Corinne, na nywele zikanisimama.

Maxine akazidi kunitia hofu. Akasema kwa kanuni za filamu hizi, mtu wa namna hiyo ana kisa cha siri na marehemu, na mwenye jumba la sinema huwa hafiki mwisho. Nikamwambia akome. Lakini nilianza kumshuku kila mtu. Yule aliyekuwa mchumba wa Corinne aliponiuliza habari za paa, nikajiuliza anataka kujua ya nini. Dukani nikawa natazama mikono ya wanaume. Nikaenda kwa Lyle, askari wa sherifu, akanicheka, akauliza amkamate bundi yupi na ukumbi umejaa bundi. Mwishowe akakubali kuja Jumamosi ya mwisho, akae mlango wa nyuma, nami nimvue mtu yule kinyago mbele za watu.

Alasiri ikafika. Corinne akasema yake, bundi akainuka. Nikamkabili penye mashine ya bisi, nikashika mdomo wa kinyago, nikavuta.

Baba.

Macho yalikuwa yamelowa. Hakukana. Aliniomba tu, kwa sauti ndogo, nizime taa. Lyle alikuwa anakuja mbio, na ndani kulikuwa na watoto wa wazee wa kanisa, wazee wale wale wanaoweza kumvua uchungaji. Nikamrudishia kinyago upande upande, nikamwambia Lyle nimekosea, huyu ni mteja tu, tumbo limemchafuka. Lyle akaniambia filamu yangu imenitia wazimu.

Nilimpandisha Baba chumba cha mashine nikamwakia, sikuficha. Nilimuuliza inakuwaje Jumapili ananilaani kwa kitu anachokitazama Jumamosi. Akasema ni kweli, hana la kujitetea. Akasema neno la mwisho alilomwambia Corinne lilikuwa kumfukuza, na sauti yake haipo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwangu. Anakuja kumsikia akiongea. Kisha anatoka, maana ameshamzika mara moja na inamtosha.

Nikamuuliza kama hajawahi kukaa hadi majina ya mwisho. Hajawahi hata siku moja. Clint, hebu fikiria. Baba wa watu hakujua! Nikamweleza kwamba majina yanapopita wanaonyesha waigizaji wakikosea, na pale Corinne amelala kwenye damu, mtu anapiga kelele kwamba imetosha, naye anainuka, analamba kidole, anasema damu yenyewe tamu kuliko chai ya Baba, anacheka kile kicheko chake cha punda.

Akauliza kama simdanganyi. Akauliza wanakufa wangapi kabla ya kufika hapo. Nikasema wengi. Akasema basi tungoje onyesho la jioni.

Kisu kilipotoka alificha uso begani kwangu akaniminya mkono hadi ukafa ganzi, lakini alikaa. Majina yakaanza, taa zikawaka, watu wakaanza kutoka wakikung'uta bisi. Corinne akainuka. Baba akavua kinyago mwenyewe, palepale, watu wote wakimwona, akacheka naye.

Wazee wa kanisa wanakutana Alhamisi kumjadili. Maxine anakusalimu na kukuuliza kama huko kuna wanaume. Baba anakusalimu pia, na leo asubuhi alinisimulia habari za Corinne mpaka chakula kikapoa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Roberta Teague