Kiraka Alichokiona Mama

Jumamosi. Mvua ya alfajiri imekata, Magomeni yote matope, na jua limetoka kali utadhani halina habari. Nina furaha na nina hofu, vyote kwa pamoja. Ngoja niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Nianze na aibu yangu.

Mwezi uliopita nilimshonea mama blanketi la viraka. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko kwenye baraza la duka Kariakoo, na mabaki ya vitenge kwangu hayaishi. Sikutaka maua wala nyota. Nilitaka rangi tupu zikae pamoja zizungumze: nyekundu na kijani, chungwa na bluu, vipande virefu vimelalia vifupi, pasipo picha ya kitu chochote. Nikalipiga picha nikaiweka hapa mtandaoni, mkanisifia hadi kichwa kikavimba. Nikampelekea mama.

Mama ndiye aliyenifundisha kushona. Alikuwa fundi tangu tukiwa Lindi, na maisha yangu yote hajawahi kuniambia kazi yangu ni nzuri. Akiishika anaigeuza nyuma, anakagua mishono, kisha anasema neno moja: fumua. Nimewahi kufumua sare yangu mwenyewe asubuhi ya kufungua shule, wenzangu wananisubiri nje. Sasa ana presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Nilitaka aione kazi yangu kabla giza halijafunga. Niseme ukweli: nilitaka sifa.

Akalipapasa, akainamisha uso karibu, akauliza, "Hili blanketi la jeshi umelitoa wapi?"

Blanketi la jeshi, lile la kijivu tupu! Rangi kumi na tisa, jamani. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama haoni bora anyamaze. Neno likishatoka halirudi. Alilikunja blanketi taratibu, akanirudishia, na mimi nikaenda uani kulia. Sikuwa nayalilia macho yake. Nilikuwa najililia mwenyewe.

Siku tatu tukawa tunasalimiana tu.

Siku ya nne nilimkuta anachambua vifungo vyangu, kazi ninayomwachia asikae bure. Vile vyeupe alikuwa amevimwaga juu ya kaniki nyeusi aliyoitandika mapajani. Alipomaliza akaitoa kaniki, akatandika shuka jeupe, akamwaga vifungo vyeusi. Nikasimama mlangoni na beseni la nguo mkononi. Kumbe anaona. Kilichomtoka ni rangi. Mwanga na giza bado anavijua, mradi viwekwe karibu vigombane.

Nikachukua simu, nikalipiga lile blanketi langu picha isiyo na rangi, kama picha za zamani. Nyekundu na kijani, ambazo mimi niliziona zinapigana, zilikuwa jivu moja. Chungwa na ile bluu, jivu. Mama hakunionea. Alisema alichokiona.

Nilimwomba radhi siku hiyohiyo. Akasema amenisikia, akaendelea na vifungo.

Jumatatu nikaenda kwa mama mmoja anayeuza mabaki kwa kilo, mtaa wa nyuma ya kwetu pale Kariakoo. Taa za dukani zinadanganya, kila mnunuzi anajua, kwa hiyo kila kipande nilitoka nacho mlangoni, nikakitazama juani huku nimefinya macho mpaka maua yapotee, ubaki ukolevu na mpauko tu. Yule mama alinivumilia weee, mwisho akashindwa. "Dada, unachagua au unalia?" Nikamwambia vyote viwili. Akaniongezea fungu la vipande vyeusi bure.

Wiki nzima nimekuwa nikipanga viraka vya blanketi jipya sakafuni. Ikawa sijali tena rangi ipi inapendana na ipi. Zambarau iliyoiva ikakaa na kahawia, kwa kuwa uzito wao ni mmoja, na njano ya limau ikaenda kwa pinki iliyopauka. Kona ya chini kushoto nikaijaza giza, nikalipunguza hatua kwa hatua kwenda juu kulia, na katikati nikapitisha ufito wa vipande vyeupe unaopindapinda kama uchochoro wa kwetu. Ndani nimetia blanketi kuukuu, nyuma shuka. Kwa macho yangu limekaa ajabuajabu, rangi hazina adabu kabisa. Sikulipiga picha ya kuwaonyesha.

Leo saa nne asubuhi nikalitandika kitandani kwake, dirisha wazi.

Hakulipapasa. Akainama, akatazama. Kidole chake kikaanzia kwenye giza, kikaufuata ule ufito, kikapinda ulipopinda, hakikutoka nje hata mara moja. Kikafika juu kulia.

"Huku kumekucha," akasema.



Kisha kidole kikarudi chini, kwenye giza, kikasimama juu ya kiraka kimoja. "Hapa umegeuza kitenge, Somoe. Umeweka nyuma juu. Fumua."

Nikainama na mimi. Kweli tupu. Ni kitenge cha bei rahisi, nyuma yake kimepauka kidogo tu, na mimi mwenye macho mawili mazima nimeshinda nacho wiki nzima bila kugundua. Nikacheka, nikalia, nikambusu mkono. Akanisukuma huko, akauliza kama chai imekwisha.

Ameliona kosa langu.

Neno lile nimelichukia tangu utotoni. Leo nimekuwa nikilirudia peke yangu jikoni, fumua, fumua, mpaka maharage yakataka kuungua.

Wembe uko hapa mezani. Kiraka kile nitakifumua kesho asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha, na mama atanishikia upande mmoja. Ila sasa najua ninachokiogopa. Itafika siku nitamtandikia kazi yangu, ataipapasa, atatabasamu, na ataniambia nzuri sana, mwanangu.

Mungu aicheleweshe siku hiyo.