Mwenye Nyumba Ni Mimi, Kaka

Mkomani, Lamu
14 Februari 2025

Mpendwa kaka Jeilani,

Assalaam alaykum warahmatullah. Huko Muscat mgongo unasemaje? Na wifi Rawiya, jino limetulia? Sisi wazima, alhamdulillah, isipokuwa shemeji yako Kamaludin amefilisika. Usishtuke, nitakueleza.

Aliomba mahakama imtangaze muflisi, akidhani madeni yote yatafutika kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mapato ya vile vyumba tunavyopangisha wageni. Miaka sita hajafaili ritani, yaani hesabu ya kodi ya kila mwaka! Bi Nerea, afisa wa ufilisi, akavuka kutoka Mokowe kuja kumweleza: mwenye duka la simiti na fundi wanaomdai huenda wakakosa chao, lakini kodi aliyoificha itamfuata. Kamaludin akanywa maji gilasi tatu mfululizo.

Balaa lenyewe limo kwenye fomu ya ufilisi. Alipoulizwa mali zake, bwana yule kwa maringo yake akaandika nyumba hii, ghorofa zote mbili. Nyumba aliyonipa baba siku ya harusi yangu, kama wanavyopewa mabinti wa mji huu! Miaka ishirini na mbili nimemwacha aseme "nyumbani kwangu" barazani, nikidhani maneno hayalipiwi. Sasa ikihesabiwa yake, itauzwa.

Nikamwambia aende akafute. Akauliza, "Hakuna ndia nyengine?" Siku mbili hakutokea barazani kwa haya. Ya tatu akasimama mbele ya Bi Nerea na wazee wa mtaa, akasema, "Nyumba ni ya mke wangu. Mimi nilioa, nikakaribishwa." Nilicheka, kaka, kisha nikalia.

Bi Nerea akaandika, halafu akanigeukia kwa upole: basi pesa za wageni kuanzia sasa ni zangu, na ritani ni yangu. Je, nina namba ya kodi? Cheko likaniisha.

Hati aliyoandika baba kwa kadhi ulikwenda nayo wewe, eti isiliwe na mchwa. Itume haraka, mahakama inakaa tarehe 26, na bila hiyo tutatolewa na vyungu vyetu. Naogopa hiyo kodi, lakini heri nidaiwe nikiwa ndani ya nyumba yangu.

Nisalimie wifi na mwanao Musab. Binti yetu Nusra anakubusu mkono. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, pamoja na hiyo hati.

Kamaludin naye anakusalimu sana. Tangu juzi anapiga hodi mlangoni, na haingii mpaka nimwitikie karibu.

Dada yako akupendaye,
Raihana