Mama Anaposwa

Jumamosi, 7 Oktoba
Nimefika nyumbani kwa Mama, At-Bashy, jioni. Mama kanipa supu ya kondoo, kasubiri nianze kula, ndipo akasema, kama anayetaja bei ya viazi: Zhyrgal, daktari wa mifugo, anataka kumwoa. Kumwoa! Mama yangu, na mvi zake! Supu imenishinda.

Jumapili, 8 Oktoba
Nimempigia simu kaka Nurdin, yuko mjini Bishkek. Kafoka — baba kafariki mwaka juzi tu, watu watasemaje? Nikamuunga mkono, kwa sauti. Kugeuka, Mama yuko mlangoni na ndoo. Amesikia yote. Ameenda kuchuja maziwa.

Jumatano, 11 Oktoba
Ng'ombe kashindwa kuzaa tangu alfajiri. Zhyrgal akaitwa. Kavua koti, kaingiza mkono mpaka begani, Mama anavuta kamba iliyofungwa miguu ya ndama.
"Vuta, Saltanat! Au umekuja kutazama sinema?"
"Ningetaka sinema ningetafuta mwanamume mwenye sura!"
Wakacheka mpaka ndama akatoka. Mimi nimesimama na maji ya moto kama mgeni.
Utotoni niliamini Mama haogopi hata radi. Sekondari nilimwonea haya, na mabuti yake ya mpira. Lakini Mama wa kutaniana na mtu? Sijawahi kumwona. Baba alikuwa mwema, ila mkimya, na nyumba nzima ilinyamaza naye. Nikadhani Mama ndivyo alivyo. Kumbe!

Alhamisi, 12 Oktoba
Tukikamua, nimemuuliza: unampenda?
Kafikiri. Akasema usiku upepo ukipiga mabati, anatamani kumwambia mtu, "Umesikia?" Basi.
Halafu: "Ukikataa, Begimai, nitamwambia hapana. Ila usimsingizie marehemu baba yako. Kataa kwa ajili yako."
Nikabeba ndoo, nikatoka.

Jumamosi, 14 Oktoba
Dada yake Zhyrgal kaja na hereni za fedha. Kwetu, Mama akishavishwa, ameposwa. Lakini matundu ya masikio yameziba — Mama hajavaa hereni tangu mazishi! Mgeni kasema atatoboa yeye. Mama kakataa: "Atatoboa binti yangu. Akitaka."
Wote wakanitazama. Nimekimbilia jikoni. Naandika hapa, sindano inachemka. Nurdin anapiga simu, anapiga tena. Sijapokea.
Mama anaita kutoka sebuleni:
"Begimai! Hiyo sindano unaipika pilau?"
Kicheko. Ila sauti yake inatetemeka. Anaogopa — Mama!
Nimezima jiko. Natafuta kitambaa safi —