Baba, Hukuwa Umelewa

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu nyundo yako inyamaze, na bado tukisikia mtu anagongagonga mtaani tunageuza shingo.

Wengi walikujua kwa jina la Fundi Misumari, fundi wa makochi. Ulijaza misumari midogo ya kitambaa kwenye shavu la kushoto, ukaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye midomo, nyundo yenye sumaku ikaudaka, ta! umeingia. Wateja walisahau kochi, wakabaki wanakutazama wewe. Ukiulizwa swali ulijibu kwa nyusi.

Kochi letu la nyumbani lilikuwa limechanika miaka yote. Mama akilalamika unamwambia, "Wewe si mteja, mke wangu, wewe ni mwenye duka." Halafu unacheka peke yako.

Hatufichi, maana mwenyewe hukuficha: ulikunywa, tena sana. Miaka ile misumari ilikaa kwenye kopo, kwa sababu siku moja ulikaribia kumeza mmoja ukiwa umelewa, ukaogopa. Baadaye macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba. Daktari akakwambia ini limejaa makovu, na makovu hayo hayafutiki, ila ukiacha pombe kabisa, sehemu iliyobaki inaweza kukubeba. Ukamuuliza, "Kabisa ya watu, au kabisa kabisa?" Akasema, "Kabisa ya ini." Ukaacha.

Siku uliyorudisha misumari mdomoni, Mama aliita majirani waje waone. Rafiki zako wa zamani walipopita dukani, "Fundi, moja tu ya kulainisha koo," uliwaonyesha shavu lililotuna, wakaenda zao wanacheka. Kwenye sherehe ulikwenda na chupa yako ya maji, umeibana kwapani kama kifaranga. Ulipokatazwa chumvi, tulikula wote bila chumvi ili usijione mgonjwa. Shangazi, dada yako, akija kututembelea, alikuja na ya kwake kwenye mkoba.

Ulipewa pia dawa ya maji, tamu kama sharubati, ya kukuendesha choo. Sisi tulijua ni ya choo tu. Hatukuelewa kwamba ndiyo iliyokuwa inatoa uchafu ambao ini lako halikuweza tena kuusafisha, na kwamba uchafu huo ukibaki unapanda kichwani. Labda tuliambiwa. Tulikuwa tunasikiliza neno moja tu, pombe. Mengine yalitupita.

Ukapata ile kazi ya viti vya ukumbi. Choo cha pale kilifungwa, ufunguo alikuwa nao mlinzi, na kila ukiuomba anakuuliza kwa sauti, "Tena, mzee?" Vibarua wanacheka. Ukawa unaiacha dawa nyumbani. Mama aliona chupa haipungui, akafurahi. "Baba yenu anapona," akatuambia.

Mimi kitinda mimba wako, ninayeandika haya kwa niaba ya wote, niliona mchana unasinzia umeshika mkasi, usiku unazungukazunguka ndani. Ulifunga vifungo vya shati kombo. Ulikata kitambaa kwa upande usio wake, wewe! Nikamwambia Kaka. Akasema ni uchovu, kazi ni kubwa.

Jioni ile ulirudi unashika kuta. Ulimwita Mama kwa jina la marehemu bibi. Ulimi ulikuwa mzito. Kaka alikusogelea akakunusa mdomo, akapaza sauti mpaka uani, "Ananuka! Baba amerudia!" Ni kweli kulikuwa na harufu, tamutamu, ya kitu kilichovunda. Hakuna aliyeuliza ni harufu ya nini.

Mama alikaa chini. "Miaka yote hii, Baba Watoto? Leo umenivunja."

"Sijagusa," ukasema.

"Kila mlevi hajagusa," Kaka akajibu.

"Sija... gusa."

Mama alipitisha kidole mdomoni mwako, akatoa misumari usije ukaimeza, akaiweka kwenye sahani. Ilikuwa pale mbele yetu sote, imelowa mate, inang'aa. Mtu ambaye katika miaka yake ya ulevi, tangu akaribie kumeza msumari, hakuthubutu tena kuweka hata mmoja mdomoni, leo amelewa na shavu limejaa? Tuliiona, na haikutuambia kitu. Tukakulaza ubavu, tukafunga mlango, tukasema ukilala itakutoka.

Asubuhi hukuamka.

Hospitali walipima damu, daktari akatoka kutuuliza, "Nani aliyesema huyu amekunywa?" Tukamtazama Kaka, Kaka akatazama sakafu. "Hana pombe mwilini. Ini limeshindwa kusafisha damu, sumu imefika kwenye ubongo. Mtu akiwa hivyo anaongea kama mlevi, anatembea kama mlevi. Hata hiyo harufu ni ya ini. Mngemleta jana ile ile..." Hatukumwomba amalizie.

Walikuamsha kwa dawa ile ile tamu. Alasiri moja ukafungua macho, ukatutaja wote, mmoja baada ya mwingine. Mama akakuomba radhi, machozi yanamchuruzika, akakueleza tulivyokulaza na kwa nini.

"Kwa hiyo nimebeba lawama ya kulewa," ukasema, "na hata tone sikupata?"

"Hata tone, Baba Watoto."

"Hasara tupu."

Tulicheka. Kaka alitoka nje. Ukafumba macho kidogo, kisha ukasema, "Waambieni watu sijagusa." Tukakuahidi. Lakini maji ya tumboni yalikuwa yameshaingia vijidudu, na mwili ulikuwa umechoka. Hukuona wiki nyingine.

Na hatukuwaambia, Baba. Msibani tulisikia watu wananong'ona: fundi alirudia, si unajua walevi. Tulinyamaza, kwa sababu tungefungua mdomo ingebidi tuseme nani aliyelitoa neno lile kwanza. Halikutoka mtaani. Lilitoka ndani ya nyumba yako.

Basi leo tunawaambia. Rafiki zake wa zamani, majirani mliosikia kelele zile uani, mlinzi wa ukumbi, na wote mliomzika: Baba hakugusa. Tangu siku aliyoacha hadi anaingia kaburini, hakugusa. Alituambia mara mbili kwa ulimi ule mzito, na hatukumwamini.

Na wewe mwenye mgonjwa wa ini nyumbani, aliyeacha pombe na anajitahidi, siku akikuchanganyia maneno usimnuse mdomo. Mwahishe hospitali. Na dawa yake ya choo muulize kila siku, hata akikuonea aibu.

Anakukumbuka mkeo, ambaye bado anakalia kochi lililochanika na hataki fundi mwingine aliguse. Misumari ile ameihifadhi, haruhusu itumike. Anakukumbuka mwanao mkubwa, aliyetaka maneno yake ya jioni ile yaandikwe kama alivyoyasema, yasipunguzwe. Wanakukumbuka binti zako wawili, wajukuu wanaojaza njugu shavuni na kugonga meza, na dada yako, ambaye siku hizi anakuja na mkoba bila chumvi.

Tutakukumbuka daima, Baba, na shavu lako la kushoto limetuna.